Mama Agro na Kiazi Kisichooga

Mama Agro hakuwahi kuingia kwangu mikono mitupu, wala hakuwahi kuniletea kitu kisichokuwa na kazi ndani yake. Jirani wa kawaida akikuletea viazi, unashukuru, unapika, mnakula, basi. Yeye alileta viazi katika vifuko, kila kifuko kimefungwa uzi wa rangi yake, na kabla sijamwuliza habari za nyumbani alikuwa ameshavipanga juu ya meza yangu ya biashara kama mwenye meza.

"Voisine, jirani yangu, unikarangie hii," anasema. "Kila moja peke yake. Usichanganye, mama, minakuomba."

Halafu anavuta kibao, anakaa, ananiangalia mikono.

Mimi nakaanga frites, yaani chipsi, mtaa wa Katuba hapa Lubumbashi. Meza yangu iko pale wanaposhukia watu wanaotoka mjini jioni, wamechoka na wana njaa, na sufuria yangu imesomesha watoto wangu wote. Sisemi hivyo kujisifu, ingawa nikijisifu nina haki. Ninalotaka kusema ni kwamba mtu mwenye sufuria kama yangu hapendi kufundishwa kazi mbele ya wateja. Kila mara nilinung'unika, na kila mara nilikaanga. Viazi vya uzi mwekundu, viazi vya uzi wa buluu, viazi vya uzi mweupe. Yeye anatafuna polepole, macho ameyafumba, kisha ananigeukia. "Weye unasema nini?" Nikimwambia hivi vimekunywa mafuta, hivi vitamu, hivi vimevunjikavunjika, anatikisa kichwa kwa heshima kana kwamba na mimi nimesoma chuo kikuu cha Kasapa.

Maana yeye alisoma. Alikuwa na diploma ya kilimo, asubuhi alifundisha shule ya ufundi, na mchana alikuwa dembo. Dembo ni lile bonde la chini, nje kidogo ya mji, ambalo hata kiangazi kikikaza udongo wake unabaki na ubaridi. Pale akina mama wa mtaa wetu wana bustani zao za kikundi, na pale Mama Agro alimaliza nguvu zake. Jina lake silitaji, si kwa siri. Hakuna aliyelitumia. Hata padri akitangaza wasomaji wa misa alisema "Mama Agro", na nikilitaja leo lile jina lake la ubatizo, Katuba nzima wataniuliza ni mgeni gani huyo.

Huyo padri naye alipata fungu lake. Jumapili moja alihubiri juu ya mpanzi ambaye mbegu zake nyingine ziliangukia njiani, nyingine kwenye mawe, nyingine penye miiba. Baada ya misa Mama Agro akamngoja mlangoni.

"Mon père, mahubiri ilikuwa muzuri," akamwambia. "Lakini ule mupanzi hakutengeneza shamba yake. Mbegu haina kosa."

Padri alicheka. Yeye hakucheka. Mambo ya udongo hayakuwa mchezo kwake, na alikuwa mtu wa kukupa ukweli wako hapo hapo, umesimama, na mzigo bado uko kichwani. Wengi walimwogopa. Mimi pia nilimwogopa mwanzoni, mpaka nilipogundua kwamba anamsahihisha kila mtu sawasawa, mkubwa na mdogo, na kwamba ukimjibu kwa sababu nzuri anafurahi kuliko ukimnyamazia.

Kulikuwa na neno moja ambalo ukilitamka mbele yake umejitafutia. Sisi hapa tunasema kumwanga maji. Unatoka na arozwari, ile ndoo ya mdomo mrefu wenye matundu, unamwanga maji kwenye mboga, unarudi nyumbani. Mama Agro alilipiga marufuku neno hilo dembo nzima. Sharti useme kunywesha.

"Mwenye kumwanga anawaza maji yake iishe mbio," alinieleza. "Mwenye kunwesha anawaza ule mwenye kukunwa."

Nilidhani ni wazimu wa watu wa shule, mpaka siku niliyokwenda kujionea. Akina mama walikuwa wamezoea kuinua arozwari juu na kuvinyeshea viazi mvua. Majani yanalowa, yanang'aa, wanaona wamefanya kazi. Ukichimba kwa kidole penye kiazi chenyewe, pakavu. Tena yale majani yakilala na maji yanapata mildiou, ule ugonjwa wa madoa meusi ambao ukiingia leo, baada ya siku chache huna shamba. Yeye akawachimbisha mifereji midogo katikati ya matuta, maji yatembee chini na jani libaki kavu. Halafu akasema lile neno lake lililozunguka mtaa mzima.

"Kiazi haiogake. Inakunwaka."

Kinywe tu, kisioge. Na lilizunguka mtaa mzima kweli. Watoto wangu nikiwaita waoge jioni walinijibu kwamba kiazi haiogake. Nilikwenda kumlalamikia, akasema kosa ni langu, nimezaa viazi.

Alitaka pia wanyweshe bila kuruka zamu. Kiazi kilichokaa na kiu halafu kikafurikishwa maji kwa siku moja, kinapasuka, kinaota vinundu kama vidole vya mzee, na vingine ukivikata unakuta tundu katikati. Hilo nililijua kwa kisu changu kabla ya kulijua kwa maneno yake. Na aliwakataza wasichote maji ya kile kijito kinachoteremka kutoka upande wa machimbo, ingawa kilikuwa jirani kabisa na bustani. Hakuwa na uhakika wa kilichomo, alisema, na kitu ambacho huna uhakika nacho usikipitishe kwenye tumbo la mtoto wa mtu. Wakachimba visima juu kidogo, kwa mikono yao, wakimtukana kwa sauti ya chini. Yeye alisikia, akashika jembe akachimba nao.

Sasa usidhani alikuwa mtakatifu wa maji. Mwanamke huyo aliyewagombeza watu kwa tone lililomwagika nje ya mfereji, kwake bafuni alikuwa anamaliza pipa. Tulitenganishwa na ukuta tu, nilikuwa nasikia. Anaoga, anaimba nyimbo za kwaya kwa sauti isiyofaa kwaya yoyote, maji yanakwenda. Nilipomwuliza, akanijibu bila haya kwamba yeye si kiazi.

Kitu kingine, viazi hakuvila. Kuonja alionja, kipande na kipande, kwa ajili ya kazi. Chakula chake kilikuwa bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo na samaki mdogo. Alisema akila viazi jioni usiku anaota bukari. Wageni walioletwa kuona bustani zake waliulizana inakuwaje, na yeye aliwajibu kwamba daktari wa watoto si lazima awe mtoto.

Kuhusu mbolea alipigana pande zote mbili. Alikuja mtu mmoja dembo, mtu mwenye maneno matamu, akawaambia akina mama kwamba mbolea ya dukani ni sumu tupu na waiache kabisa. Mama Agro alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniita mimi niliyekuwa nimekuja kununua vitunguu.

"Voisine, chumvi iko sumu?"

"Hapana," nikasema.

"Na ukitia kiloba muzima mu sufuria?"

"Watanipiga."

"Basi," akamwambia yule mtu. "Engrais haiko sumu, na haiko muchawi. Ni kipimo tu."

Kipimo kilikuwa dini yake ya pili. Kidogo cha dukani wakati wa kupanda, basi. Na zaidi ya hapo kinyesi cha kuku kilichooza vizuri mpaka kimesahau harufu yake, udongo wa kichuguu uliopondwa, na majivu kiasi. Hayo majivu yalitoka kwenye jiko langu la makaa. Aliyachukua kila Jumamosi, na mimi nilijiona nina hisa katika lile bonde.

Na wale waliopenda mno mbolea ya dukani aliwakabili vilevile. Alikuwa anawaambia akina mama wa zahanati, wale waliokuja kupima watoto uzito, kwamba ukubwa wa kiazi si habari. Kiazi kilicholewa mbolea na maji kinakuwa kikubwa, kinapendeza, na ndani hakuna kitu. "Ile ya maji inajaza sahani," alisema. "Mutoto haijaze." Aliwafundisha kuvichemsha na maganda yake, wasivimenye na kuviloweka tangu asubuhi, maana vitamini zinakwenda na yale maji. Hapo alikuwa ananitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeviloweka tangu asubuhi. Nilimwambia frites zenye maganda azile yeye. Lakini nilianza kumenya mchana.

Mambo yaliharibika mwaka ule alipokwenda kwenye kilio katika mji wa Likasi. Alikuwa amefiwa na dada yake, akakaa huko muda, na viazi vya kiangazi vilikuwa vimefika magotini.

Hapa lazima nieleze sisi ni watu gani. Sisi ni watoto wa bukari. Mahindi tunayajua kwa mwili, si kwa kichwa. Yakifika magotini, mkono wenyewe unakwenda kwenye kiloba cha urea. Huhitaji kuambiwa, mama yako alifanya hivyo, bibi yako alifanya hivyo pale tu urea ilipofika. Basi akina mama wa dembo walipoona viazi vimefika magotini, walifanya kama kwa mahindi. Kila shina likapewa konzi yake ya pili. Hawakufanya kwa ubaya. Waliona wanamwokolea mwenzao aliye kwenye msiba.

Majani yakawa meusi kwa ubichi. Mashina yakanenepa. Watu walisimama barabarani kuangalia. Na ili viazi viwe vizito kwenye kuuza, wakavinywesha mpaka siku ya mwisho kabla ya kuvuna. Vilitoka vikubwa kama ngumi za mpiga ngoma, viloba vikajaa, wakaimba njia nzima mpaka Katuba. Wateja waliowalenga ni sisi wakaangaji wa frites. Ndiyo ndoto ambayo Mama Agro aliwatia kichwani: kwamba Katuba iache kungoja viazi vinavyovuka mpaka kwa lori na ikaange vya kwake.

Nilinunua. Wote tulinunua. Jioni ile sitaisahau. Viazi vilipoingia kwenye mafuta vilipiga kelele kama kuku anayekamatwa, kwa ule wingi wa maji. Nje vikawa vyeusi, ndani vikabaki vibichi, ukivitoa vinalala kwenye karatasi kama kitambaa kilichofuliwa. Mafuta yangu yalikwisha, yamo ndani ya frites. Mteja mmoja, fundi cherehani mpole sana, alinirudishia karatasi yake kwa mikono miwili, na huo upole wake uliniuma kuliko tusi. Kwa hasira niliibeba ile karatasi mpaka kwa Mama Agro, aliyekuwa amerudi asubuhi ile ile, bado amevaa kitambaa cha msiba.

"Tazama," nikamwambia. "Tazama viazi vyako vya hapa."

Alichukua kimoja, akakishika kwa ncha, kikaning'inia. Aliuliza maswali mawili tu, moja la mbolea na moja la maji, na nilipomjibu alikaa chini taratibu.

"Kosa iko yangu," akasema. "Nilibafundisha kutia. Sikubafundisha kuacha."

Habari ilienea. Ndani ya wiki hukuweza kumtajia mkaangaji yeyote wa Katuba kiazi cha hapa. Hata bure hawakukitaka. Akina mama wakabaki na viloba vilivyoanza kuoza, maana viazi vya namna ile havikai. Kiongozi wao, tunayemwita Présidente, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamuru, alikuja kwa Mama Agro na wenzake nyuma yake. Nilikuwa naosha sufuria, ukuta ni mfupi, nilisikia yote.

"Mama Agro, siye tunakuheshimia," alisema Présidente. "Lakini tunachoka. Tutapanda tena saison moja tu. Bale ba frites bakikatala tena, tunangoa biazi yote, tunarudia ku shu na lengalenga. Na hatutakuya tena kuongea ile maneno ya biazi."

Warudie kabichi na mchicha: Mama Agro alisema sawa. Kwa kawaida alikuwa mtu wa kuongeza. Ujumbe wake wa sauti kwenye simu za akina mama ulikuwa mrefu kama mahubiri. Ukiuwasha unaweza kusonga bukari na kuila, bado anaendelea na mada ya pili. Usiku ule na kesho yake hakutuma hata mmoja. Nilijua kwamba miaka yake yote ya dembo imewekwa juu ya msimu mmoja, na wanaoishika hatima yake ni mimi na wenzangu wa mafuta.

Kiangazi kilichofuata walipanda tena. Aliwapimia mbolea yeye mwenyewe, na viazi vilipofika magotini alihamia dembo na kibao chake, akakaa pembeni ya njia inayotoka stoo ya urea. Hakuna konzi iliyopita. Majani hayakuwa meusi kama ya mwaka uliotangulia, yalikuwa ya kijani cha kawaida, na hakuna mtu aliyesimama barabarani kuangalia.

Hilo walilivumilia. Lililowashinda ni lile la mwisho. Majani yalipoanza kugeuka manjano, aliwaambia wafunge mifereji. Maji basi, kiazi kilale kwenye udongo mkavu, ngozi yake ikomae, kile kilichobaki kwenye majani kishuke chini. Kumwambia mwanamke wa bustani aache mmea wake na kiu ni kama kumwambia asimnyonyeshe mtoto anayelia. Présidente alikuja kwenye meza yangu, sauti ya kuamuru imekwisha.

"Yaya, dada yangu, umuambie jirani yako atuachie tunweshe kidogo tu. Shamba inakauka. Bantu banatucheka mu njia."

Nilikwenda. Nilimkuta Mama Agro peke yake kati ya matuta, jua linashuka, ameshika arozwari iliyojaa. Hakuniona. Alisimama hivyo muda, ameinama kidogo juu ya shina moja lililosinyaa. Kisha akaiweka chini. Akaketi juu ya tuta, akaiangalia. Nilirudi zangu bila kumpa ujumbe wa Présidente, na moyoni nilimpenda kuliko siku zote nilizomjua.

Mavuno yalikuwa haba ukilinganisha na yale ya kwanza. Viazi vya kadiri, ngozi ngumu, vimeshikwa na udongo mwekundu. Présidente alichukua kimoja, akakirudisha kilobani. Siku ya kuamua ilifanyika mezani kwangu, maana wakaangaji wenzangu walisema kama ni kudanganywa, afadhali wadanganyike mahali pamoja. Walikuja wote, mikono wameikunja.

Mama Agro aliomba beseni la maji. Akatia chumvi, akakoroga, akatia tena, mpaka yai nililompa likaelea. Halafu akachukua kiazi kilichonunuliwa sokoni asubuhi ile, cha kilimo kibovu, akakiweka. Kikaelea kama mpira. Akachukua kimoja cha dembo, akakiachia. Kikaenda chini moja kwa moja, tukasikia kikigonga beseni.

"Hapa, mwenye kuzama ndiye anafaulu," akasema. "Kiazi inazama sababu iko na kintu ndani. Sasa mukarange."

Nilikaanga mimi. Sikumwonea huruma. Nilitumia mafuta yale yale, moto ule ule, na wote walikuwa wananichungulia begani kuona kama nitampendelea jirani. Viazi vilipoingia havikupiga ile kelele. Vilinguruma chini chini, sauti ambayo mkaangaji akiisikia anajua jioni yake itakuwa njema. Nikavitoa vya rangi ya dhahabu, nikavitingisha, vikagongana. Nilikula cha kwanza. Nje kilikatika, ndani kilikuwa laini na kikavu, kina utamu wa kiazi, si wa mafuta. Watu wote wakaniangalia kinywa.

Nilikuwa nimeonja vifuko vyake kwa miaka mingi na kila mara nilipata la kunung'unikia. Siku ile nilitafuta sana, sikupata.

"Mimi nachukua," nikasema. "Vyote mtakavyonipa."

Mwenzangu wa kona ya pili, mwanamke mbishi ambaye hata mvua anaibishia, alikula, akala tena, akauliza kama viloba viko mbali. Ndipo Présidente akaanza kulia, naye hakuwa mtu wa kulia. Mama Agro hakulia. Alimwaga maji ya chumvi mferejini, akaosha beseni langu, akalipanguza, akalirudisha ndani. Nilimfuata nikamkuta ameegemea ukuta wangu wa jikoni, amejifunika uso kwa kitambaa, mabega yanacheka au yanalia, sikuuliza.

Leo dembo ni viazi mpaka kule kwenye miti. Wajukuu wa wale akina mama wanajua kufunga mifereji bila kulindwa. Na ninasema wazi kwamba ninajivunia. Ninajivunia kwa ajili yake, na ninajivunia kwa ajili ya sufuria yangu. Kuna watu wanaokula viazi vya hapa leo na hawajui kwamba viliwahi kuaibika.

Yeye aliacha kazi, magoti yakakataa, mtoto wake akamchukua kuishi naye upande wa Kasapa. Ukuta wetu ukanyamaza. Jirani mpya haimbi.

Tulikutana tena kiangazi kilichopita, sokoni Katuba. Nilimtambua kwa nyuma, kwa jinsi alivyosimama mbele ya meza ya viazi, mikono nyuma, ameinama kidogo kama mkaguzi. Alikuwa amepungua mwili na ana fimbo, lakini macho yalikuwa yale yale. Tulikumbatiana mpaka muuzaji, binti mwenye haraka, akatuambia tusimzibie wateja.

"Mama, chukua biazi," binti akamwambia Mama Agro. "Iko ya hapa, ya dembo. Haina maji, haikunwe mafuta. Uulize ba mama ba frites."

Mama Agro akachukua kimoja. Akakigeuza, akakikwaruza kwa ukucha, akachungulia kwenye macho yake. Mimi nami nilikuwa nimeshaona. Vilikuwa vimeoshwa, na kwenye vishimo vilibaki na udongo mweupe wa mchanga. Udongo wetu ni mwekundu na hauachi kiazi hata ukiusugua. Vile vilikuwa vimevuka mpaka na lori. Nilijua ninachongojea: mwanamke aliyemsahihisha padri mlangoni mwa kanisa angempa binti yule somo ambalo soko zima lingelisikia. Yeye akaendelea kukigeuza tu kile kiazi. Basi nikafungua kinywa mimi.

Akanishika mkono.

"Acha, voisine."

"Lakini anadanganya. Hii haiko ya hapa."

"Minaona." Alikuwa anatabasamu, na machozi yanamshuka wala hayapangusi. "Anasema bongo, anadanganya na jina yetu. Unasikia? Ni jina yetu ndiyo anauzisha nayo."

Akamgeukia binti yule, akasogeza sikio kama mtu asiyesikia vizuri.

"Mwanangu, ulisema ni ya wapi?"

"Ya hapa, mama. Ya Lubumbashi kabisa."

"Unipimie," akasema, akalipa bila kuomba kupunguziwa.